Sinki ya Ofisi na Miguu ya Udhu

Jumatatu, 8 Septemba

Watu wote wanaisema vibaya hii maneno ya sinki. Soko ya mbuzi wanasema ilianguka yenyewe. Kwa hoteli ya chai wanasema ni jini. Wajinga. Mimi ndiye naangalia hiyo jengo ya ofisi za serikali, mimi ndiye nilikuwa hapo.

Asubuhi kama kila siku. Nimefungua geti, nimeandikisha wageni kwa kitabu, nimekunywa chai ya maziwa ya ngamia, vikombe vitatu. Adhuhuri watu wakaingia choo kuchukua udhu. Sinki ziko juu, mguu lazima upande. Aliyechora hiyo choo hajawahi ona mtu akijitayarisha kuswali. Mwaka mzima nasema, hakuna anasikia. Leo moja imeng'oka kwa ukuta, puu! Maji mpaka mlango ya ofisi ya vitambulisho.

Vijana watatu walishindwa kufunga ile bomba kubwa. Mimi nilifunga kwa mkono moja. Hiyo mkono imechimba visima Kotile yote.

Jumanne, 9 Septemba

Choo imefungwa. Kufuli na karatasi.

Sababu ni mkataba. Jengo si ya serikali bado. Kampuni ilijenga kwa pesa yake, inaitunza miaka ishirini, serikali inalipa kila mwaka kama mpangaji, halafu jengo inabaki ya serikali. Kitu ikizeeka, kampuni inatengeneza. Kitu ikivunjwa na watu, serikali inatengeneza. Sasa sinki imezeeka au imevunjwa? Kampuni inasema imevunjwa. Serikali inasema imezeeka. Mimi nasema mama wamekaa foleni tangu alfajiri na watoto, na wanavuka barabara kuomba choo kwa wenye hoteli.

Nimeona aibu. Mimi sioni aibu mara nyingi.

Alhamisi, 11 Septemba

Injinia Mutua wa kampuni amefika kutoka Nairobi. Kijana mzuri, viatu safi sana. Kwanza ameuliza nani alivunja. Akasema kama ni mfanyakazi wa kampuni, huyo anaenda nyumbani leo leo. Mimi ni mfanyakazi wa kampuni. Miaka yangu hii, nani ataniandika kazi tena? Ngamia zangu zilikwisha na ukame.

Nikamwambia ilivyokuwa. Mfanyabiashara ya ngamia kutoka Rhamu, mnene kama tangi ya maji, amekuja kutafuta kitambulisho ya mtoto wake. Akapandisha mguu. Sinki ikalia kama mbuzi. Ikaanguka. Yeye akatoka mbio na kiatu moja.

Mutua amecheka mpaka akashika ukuta. Ameandika yote.

Ijumaa, 12 Septemba

Bi. Sadia, mkuu wa ofisi, si mtu wa kucheka. Amefungua kitabu ya wageni, ukurasa kwa ukurasa, kidole kwa kila jina. Mimi ananiita adeer, yaani ami, hata akikasirika.

"Adeer, mtu wa Rhamu yuko wapi hapa?"

Nikasema alikuwa anakimbilia swala, sikumwandikisha. Ameniangalia sana. Amenipa onyo kwa barua. Nimeiweka kwa mfuko. Jasho mpaka kwa soksi.

Jumamosi, 13 Septemba

Ofisi imefungwa, mimi niko. Sikuuliza mtu. Nyuma ya jengo kuna bomba ya kumwagilia miti. Nimeleta mawe na punda, simiti mfuko moja. Nimejenga viti vinne vya mawe, chini chini, na mfereji mbele ya kupeleka maji kwa miti. Mtu anakaa, mguu iko chini mahali Mungu aliiweka. Kazi ya siku moja. Fundi wa Nairobi angetaka mwezi.

Mgongo inauma vibaya.

Jumatatu, 15 Septemba

Adhuhuri watu wamejaa nyuma. Wameosha, wamekwenda. Hakuna tone moja ndani.

Halafu Mutua akaona.

"Mzee, umejenga nini? Hii haiko kwa ramani!"

Bi. Sadia alikuwa dirishani. "Basi ichore," akamwambia.

Mutua akasema mkataba hairuhusu mtu kuongeza hata jiwe. Bi. Sadia akasema mkataba ilisahau watu wana miguu. Wakabishana, mimi katikati nimeshika fagio kama askari. Mwisho Mutua amepima kila kitu kwa futi yake, amepiga picha, ametuma Nairobi. Jibu ikiwa mbaya, mawe inabomolewa na mimi naenda nayo.

Nimekula kidogo. Hodan, mke wangu, ameuliza kama ni malaria. Nimesema ndiyo.

Jumatano, 17 Septemba

Bado. Watu wanaosha miguu. Mimi nafagia mahali nimefagia.

Alhamisi, 18 Septemba

Jibu imekuja. Viti vya mawe vinabaki, vinaingia kwa orodha ya vitu kampuni inatunza mpaka miaka ishirini iishe. Sinki kampuni inatengeneza, kwa sababu choo ilichorwa vibaya tangu mwanzo. Choo imefunguliwa. Mimi nabaki kwa geti.

Mutua amekaa kwa jiwe akaosha vumbi ya viatu. "Mzee, hii ni kazi safi." Nikamwambia najua.

Ijumaa, 19 Septemba

Kimya leo. Upepo kidogo. Baada ya swala watu wametawanyika, mawe bado ina maji maji. Bi. Sadia amepita na mafaili, amesimama, akasema, "Adeer, ukimwona tena yule wa Rhamu, mwambie tunamshukuru." Hakucheka. Ameenda zake.

Anajua.

Basi niandike. Maji ilikuwa kweli, na bomba nilifunga mimi. Lakini mtu wa Rhamu hakuna. Mguu kwa sinki ilikuwa yangu, ya kushoto.