Asifiwe ameondoka na nakala yake

Veronika, umekosa darasa la jioni hii. Asifiwe amekataa. Asifiwe yule yule asiyeongea.

Ile programu huria yetu ya kupimia kakao, leo tulikuwa tunachagua maelekezo yake yakae wapi. Mwalimu Shabani akasema yakae kwenye tovuti, kwa Kiingereza, pamoja na video.

Asifiwe akasimama. "Mwalimu, dada yangu anapima kakao Matema, mtandao haufiki. Tuandike maandishi matupu, Kiswahili, yakae ndani ya programu. Yatembee kwa memori kadi kama nyimbo za kwaya."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akamwambia, "Mama, hapa ni kompyuta, si kwaya."

Kura zikapigwa, akashindwa. Nikamwomba Mungu amsaidie asilie.

Hakulia. "Mwalimu, si ulitufundisha programu huria kila mtu anaruhusiwa kuinakili na kuibadilisha?"

"Ndiyo."

"Basi naomba nakala yangu."

Akachomeka kadi pale pale, mbele yetu. Kadi yenyewe ya kwaya, Veronika. Hata nyimbo hakufuta.

Sasa tuko kwake, mimi ndiye mwandishi. Tumesali, halafu akanitajia mstari wa kwanza wa maelekezo: "Weka gunia kwenye mizani, usiogope."