Ufa Uliokuwa Mpaka

KIKAO CHA TATU CHA KAMATI YA SAKAFU, GEREJI YA FAMILIA

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni, saa tisa alasiri.
Mahali: Ndani ya gereji. Viti viwili upande huu wa ufa, viwili upande ule. Kiti cha Mwenyekiti kiliwekwa juu ya ufa wenyewe.

Waliohudhuria:
Mama – Mwenyekiti
Fundi Injini, mwanawe wa kwanza – Mjumbe
Fundi Rangi, mwanawe wa mwisho – Mjumbe
Binti wa katikati, mtunza stoo – Katibu
Fundi Sakafu – Mwalikwa

Hakuhudhuria: Mjomba, kwa udhuru wa mgongo. Mgongo huo humuuma siku za vikao.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwataka wajumbe wazime simu na hasira, kwa mpangilio huo. Alikumbusha kwamba methali ya ufa na ukuta ilitajwa mara sita katika vikao viwili vilivyopita, na kila aliyeitaja alimkusudia mwenzake. Ilikubaliwa isitajwe tena.

KUMB. NA. 2/3: YATOKANAYO
Wajumbe waliulizwa kama wamesoma kumbukumbu zilizopita. Walisema wamezisoma. Hawajazisoma, wala hawajawahi.

Kwa faida ya mwalikwa, Mwenyekiti alieleza kwamba miezi kumi na minne iliyopita Fundi Injini alisaga chuma kwa grinda huku Fundi Rangi akiwa ametoka kupuliza rangi mlango wa gari la mteja. Vumbi la chuma lilitua kwenye rangi mbichi. Kuanzia siku hiyo ndugu hawa waligawana gereji aliyoijenga marehemu baba yao, na mpaka ukawa ufa unaotoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Hawajasemeshana tangu hapo. Maneno yao hupitia kwa Katibu, mengine mara kumi kwa siku, kwa umbali wa hatua nne.

Alieleza pia kwamba mwezi uliopita gurudumu la jeki lilinasa ndani ya ufa, gari likashuka, na Fundi Injini akamvuta mdogo wake kwa ukosi kabla mguu haujabanwa. Hakuna aliyeshukuru wala aliyeshukuriwa. Hapo ndipo Mwenyekiti alipoamua ufa uzibwe na sakafu yote ipakwe rangi ngumu ya kinga.

KUMB. NA. 3/3: TAARIFA YA FUNDI SAKAFU
Fundi Sakafu alieleza kwamba ufa hauzibwi kabla ya kujua kama bado unatembea. Wiki tatu zilizopita alibandika lipu nyembamba juu yake sehemu tano, akaandika tarehe. Hakuna hata moja iliyopasuka. Alisema ufa huu ulitulia zamani, pengine miaka mingi, na kwamba tatizo halikuwa la zege. Wajumbe walitazama dari.

Aliendelea kwamba alifunika sakafu kwa nailoni usiku na mchana kuona kama unyevu unapanda, haupandi. Aliosha mafuta machafu kwa sabuni mara tatu, kwani rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha akatanua ufa kwa tindo, akafagia vumbi lote, akaujaza gundi ya zege na kuusaga ukawa sawa na sakafu. Sasa limebaki kovu la kijivu, na Jumatatu rangi italifunika.

Alilalamika kwamba alipoteza siku nzima kung'oa saruji aliyoikuta ndani. Mtu alikuwa ameziba ufa huo kwa urefu wote, lakini nusu tu ya upana. Alisema katika miaka thelathini ya kazi hajawahi kuona. Fundi Rangi alieleza kwamba nusu ya pili haikuwa yake.

KUMB. NA. 4/3: MSTARI
Katibu alisoma barua ya Fundi Rangi: mpaka ukifutika bila kuwekwa mwingine, atahamia kibanda cha kupanga ng'ambo ya barabara mwisho wa mwezi. Mwenyekiti alisema mtoto huyo alishamtoka mara moja alipomzaa, hataki amtoke tena, na hataki kumwona kwa kuvuka barabara. Sauti yake haikuwa ya uenyekiti.

Fundi Injini naye alitaka mstari, ila ulionyooka, kwa kuwa ufa ulikuwa umepinda. Mwenyekiti aliagiza uzi. Fundi Sakafu alieleza kwamba uzi hushikwa na watu wawili. Mwenyekiti alisema anao wawili.

Fundi Injini alishika ncha ya ukutani, Fundi Rangi ya mlangoni. Uzi ulipokazwa, dirisha lote lilikuwa upande wa Fundi Injini. Fundi Injini alimwomba Mwenyekiti amuulize mjumbe kama ataweza kulinganisha rangi bila mwanga wa dirisha. Mwenyekiti alijibu kwamba yeye si simu.

Fundi Injini alimgeukia mdogo wake, akasema, "Bila dirisha utaona?"

"Sitaona, kaka."

Fundi Injini alisogeza ncha yake hatua tatu. Dirisha likarudi kwa mdogo wake, lakini meza ya Fundi Injini mwenyewe, yenye vaisi ya kubania vyuma, nayo ikavuka mpaka.

"Na vaisi?" aliuliza.

"Iache hapohapo. Utakuwa unakuja."

Katibu alifurahi na haoni sababu ya kuficha. Mwenyekiti alijifuta macho, akasema ni vumbi. Fundi Sakafu alipinga, akasema vumbi alishalimaliza.

Mwenyekiti alimwagiza Katibu alete chaki ya kuwekea alama uzi ulipopita. Katibu alikwenda stoo, akarudi akasema chaki imekwisha. Ilikubaliwa kwamba rangi ipakwe Jumatatu kama ilivyopangwa, na barua ya Fundi Rangi isubiri hadi chaki ipatikane.

Ili hesabu ya stoo isiharibike, inaandikwa hapa kwamba chaki ipo, pakiti mbili, rafu ya juu.

KUMB. NA. 5/3: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi na moja kasorobo. Ndugu wawili walibaki wakikunja uzi, wakilaumiana kwa mafundo.

Katibu: (saini)

Mwenyekiti: (saini) Nimesoma mpaka mwisho. Pakiti zote mbili ziletwe chumbani kwangu.