Sala Katika Zamu ya Asubuhi

Jumatatu, 4 Machi

Maji pande zote. Upepo unatoka nyuma, mashua inakwenda vizuri. Nimepika uji, nusu yake imemwagika. Binti yangu, ambaye ndiye nahodha, akasema sufuria isijazwe hadi juu. Angesema mapema.

Kazi yake ni kuvusha mashua za matanga za watu wengine kutoka bara moja hadi jingine. Safari hii alikosa mtu wa tatu wa kushika zamu. Tangu mama yake afariki amekuwa akisema kwamba ninaongea na kuta. Sasa akaniambia twende, nikaongee na maji. Nilikubali kwa sharti moja: sala asubuhi na jioni, ya watu wote, macho yamefumbwa. Nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo miaka yote ya ualimu.

Sala ya jioni: shukrani, toba, kisha maombi, kwa utaratibu wake. Nilipofumbua macho mkwe wangu alikuwa anatafuna biskuti. Ni fundi wa umeme, mtu mwema, lakini hafumbi macho wala mdomo. Akauliza kama toba ya kesho inaweza kufupishwa, kwa kuwa humu ndani hakuna nafasi ya kutendea dhambi.

Jumatano, 6 Machi

Kumbe binti naye hafumbi. Nimemwona leo, ameshika usukani, anaitikia amina huku anatazama tanga. Nilimwonya baadaye, kwa upole.

— Baba, mwenye zamu hafumbi macho. Ni sheria ya chombo.

Nikamwambia kwamba Mungu ana sheria za zamani zaidi. Akasema hana ugomvi na Mungu, wasiwasi wake ni upepo. Mkwe akadakia kutoka jikoni kwamba basi tugawane kazi: mmoja aombe, mwingine aangalie. Alikuwa anatania.

Ijumaa, 8 Machi

Upepo umekoma. Tanga limelegea kama shuka iliyoanikwa. Joto. Binti hataki kuwasha injini. Mafuta ni ya dharura.

Mkwe: "Baba, si utuombee upepo kidogo?" Nilimweleza kwamba kusali si kuagiza chai mkahawani. Hata hivyo jioni niliomba upepo.

Jumamosi, 9 Machi

Upepo umekuja. Mwingi. Mkwe amekumbatia ndoo tangu asubuhi. Nilipompelekea maji akainua kichwa: "Baba, ulizidisha kipimo." Nilicheka. Sijacheka hivyo tangu msiba. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 10 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Zamu ya asubuhi ilikuwa yangu. Wao walikuwa wamelala chini. Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, upepo umepungua lakini bado una nguvu. Mashua ilikuwa inajiendesha kwa mtambo. Kazi yangu ilikuwa kutazama mshale wa upepo ulio juu ya mlingoti. Ukipita alama, nimwite nahodha. Hiyo tu.

Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, nilisimama, nikavua kofia, nikafumba macho. Nilikuwa na mengi ya kushukuru kuhusu upepo ule. Sikuharakisha.

Upepo ukageuka. Tanga kubwa lilibebwa upande wa pili, na boriti yake ya chini ikapita juu ya kichwa changu. Nilisikia hewa yake utosini. Kishindo kilitikisa mashua nzima. Binti akatoka na nguo za kulalia. Alishika usukani kwanza, kisha akaniuliza kama nimeumia. Kisha akauliza kama sikuuona upepo ukigeuka. Nikasema nilikuwa ninasali.

Akageuka kukaza kamba za tanga. Ningependa angenigombeza.

Waya mmoja kati ya nyaya zinazoushikilia mlingoti umeanza kukatika, huko juu kabisa. Wameuona kwa darubini. Nyuzi zake zimefumuka. Wamepunguza tanga na kufunga kamba za ziada. Binti anasema zitastahimili upepo wa kawaida. Ukija mkali, mlingoti utaanguka, na mafuta yaliyopo hayatufikishi popote.

Jioni hakuna aliyetaja sala. Nami sikuitaja.

Jumatatu, 11 Machi

Taarifa ya hali ya hewa: utulivu Jumatano, upepo mkali kuanzia Alhamisi. Kwa hiyo Jumatano lazima mtu apande mlingotini kufunga waya mpya. Binti atashika usukani, la sivyo kila wimbi litamyumbisha aliye juu. Fundi ni mkwe. Wa kushika kamba inayombeba nimebaki mimi.

Nilidhani watakataa. Walinong'ona muda mrefu chumbani mwao. Ubao unaotutenganisha ni mwembamba. Mkwe alisema haogopi kupanda, anamwogopa aliye chini. Je, mzee akianza kusali? Binti akamwambia anyamaze, baba anasikia.

Nilisikia.

Jumanne, 12 Machi

Mazoezi. Binti amenielekeza: kamba inazungushwa kwenye winchi, mkono mmoja unazungusha mpini, mwingine hauiachii kamba kwa sababu yoyote. Tulimpandisha mkwe kimo cha mtu, tukamshusha, tukarudia hadi viganja vyangu vikachubuka. Akiwa ananing'inia kwenye kiti cha turubai akaniuliza: nikianguka, mwanao utamwoza nani? Nikasema nitamtafutia anayefumba macho. Alicheka, kidogo.

Binti hakucheka. Aliniambia nirudie tena.

Jioni mkwe ndiye aliyeitaka sala. Aliweka biskuti chini. Nilisimama, na sikujua pa kuanzia. Nikaruka shukrani, nikaruka toba, nikaanza na maombi.

Jumatano, 13 Machi

Bahari imetulia. Sikuomba itulie — hapana, niliomba.

Waya mpya umekwisha kukatwa, uko mkobani pamoja na koleo. Binti ameelekeza omo, pua ya mashua, kwenye mawimbi madogo yaliyobaki. Mkwe amevaa mikanda. Tangu aamke hajatania hata mara moja. Amekagua fundo la kiti, binti amelikagua, kisha wakanipa mimi nilikague, jambo ambalo sikulitarajia.

Nilimwambia kwamba akitaka nitanyamaza kabisa, nishike kamba tu. Akafikiri, akitazama juu.

— Hapana, baba. Omba. Kwa sauti, nikusikie. Lakini nitazame.

Nimemwahidi. Sijawahi kusali hivyo. Sijui maneno yatakujaje nikiwa ninamwona ninayemwombea.

Nimeshuka kuchukua glavu. Miwani inateleza ninapoinua uso, nimeifunga kwa uzi kisogoni. Nimeijaribu. Haitoki. Binti anaita.