Kwako Adventina, Uliyembatiza Mwenzetu Jina la Sabuni

Adventina,

Sikusalimu kwa sababu salamu ni kumtakia mtu heri, na kwa juma hili zima sijaweza kukutakia. Nakuandikia hadharani kwa kuwa na wewe ulitukana hadharani, katika lile kundi la simu tulilofunguliwa sisi tuliosoma pamoja, mbele ya watu hamsini na kitu, wengi wao sasa ni baba na mama za watu.

Nikukumbushe tulikotoka, maana huenda umesahau kwamba niliwahi kukupenda. Nilikuja shule nikitokea kijijini kwetu Kyerwa, Kiswahili changu kikiwa bado kinajikwaa. Siku ya kwanza nilisema "mwarimu" badala ya "mwalimu", ukacheka mpaka ukashika tumbo. Kisha ukasogea kwenye dawati na kuniambia, "Njoo ukae hapa, mshamba wangu." Nilikaa. Nilikaa miaka miwili na zaidi. Msimu wa senene ulikuwa unaniletea panzi hao waliokaangwa, umewafunga kwenye karatasi ya daftari, tunawatafuna chini ya dawati mwalimu akiwa ameelekea ubaoni. Jumamosi tulitembea pamoja mpaka Omurushaka kutazama tu mabasi yakipakia. Ulikuwa mcheshi kuliko sote. Nilidhani ucheshi ni moyo mwema. Nilikuwa mtoto, nisamehewe. Wewe leo huna utoto wa kujitetea nao.

Unakumbuka Kokushubira alivyoanguka mstarini. Tulikuwa kidato cha pili, asubuhi ya ukungu, mkuu wa shule anasoma matangazo. Koku, msichana mpole wa kutoka Rugera, alisimama mstari wa mbele yetu. Alidondoka kama mtu aliyekatwa miguu, akatetemeka, povu likamtoka mdomoni, na sketi yake ikalowa. Ilikuwa kifafa. Walimu wawili wakambeba. Sisi tulibaki tumeduwaa, wengine wanalia. Wewe peke yako ulikuwa tayari umepata neno. Kesho yake aliporudi darasani, kabla hajafika kwenye kiti chake, ukasema kwa sauti ya kutosha, "Sabuni amerudi. Leo nani ana nguo za kufua?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, Adventina. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimekaa kando yako na kicheko ndicho kilikuwa kodi ya kiti kile.

Jina likashika. Likaandikwa ubaoni, likaandikwa kwenye mlango wa choo cha wasichana. Wakaanza kukataa kunywea kikombe cha darasa baada yake, eti povu linaambukiza, na wewe uliyejua vizuri kuwa ni uongo hukukanusha. Koku akaanza kuja na kikombe chake cha plastiki mfukoni. Alikuwa akinywa maji haraka haraka, amegeukia ukuta. Nilimwona zaidi ya mara moja na nikageuza uso. Kwa mwaka mzima niligeuza uso.

Mpaka siku ile ya kipindi cha Kiswahili. Mwalimu alikuwa akigawa makundi, akasoma jina la Kokushubira kwenye kundi letu. Ukanong'ona kwa ile sauti yako iliyotaka kusikika na wote: "Mwalimu, Sabuni asiwekwe kwetu, tutateleza." Watu wakacheka. Mwalimu naye akatabasamu, nikamwona. Nadhani ni tabasamu lile lililonisimamisha, kuliko hata maneno yako. Sikuwa nimepanga kitu. Nilijikuta nimesimama.

"Mwalimu, Adventina amemtukana Kokushubira. Na mimi nimemcheka mwaka mzima."

"Kaa chini. Usilete umbea darasani."

"Sikai, mwalimu. Aitwe jina lake kwanza."

Wewe ulinivuta sketi. "We mshamba, kaa!" Sikukaa. Mwalimu akaniadhibu, eti nina kiburi: siku tatu za kufyeka nyasi nyuma ya vyoo. Niliporudi dawatini, madaftari yangu yalikuwa sakafuni na umehamia dirishani.

Usifikiri Koku alinikumbatia. Alikuja siku ya pili ya adhabu, akasimama pembeni akinitazama ninavyofyeka. Akasema, "Ungeanza mwaka jana." Nikamwambia ni kweli. Akaenda kuchukua fyekeo la pili, tukamaliza bila kuongea. Hayo ndiyo yote, na yananitosha mpaka leo kuliko senene wako wote.

Ukanipa jina na mimi: Wakili. Lilikuwa jina dogo, la mtu aliyeishiwa utani. Juma moja hivi baadaye Projestus, yule aliyekuwa akigawa madaftari yaliyosahihishwa, alifika kwa Koku na kusema, "Kokushubira, lako hili," bila kuongeza kitu. Kesho yake mwingine. Hakuna aliyetoa hotuba. Walichoka tu kukuogopa. Kufika kidato cha nne ulikuwa umebaki peke yako na utani wako, unaurusha na hakuna anayeudaka.

Nilidhani uliuacha huko. Leo wewe ni mtu wa ofisini Bukoba, unapigiwa shikamoo na vijana, picha zako za kanisani ziko kila mahali. Juma lililopita Koku akaingizwa kwenye kundi letu, akaandika kwa adabu, "Hamjambo wapendwa." Nawe, mwanamke mzima, ukaandika: "Waitu, jamani, Sabuni naye yumo! Andaeni ndoo." Ukaweka na vikaragosi vitatu vya kucheka.

Miaka yote hii, Adventina, na hujapata hata utani mpya. Nilikuwa nikikuchukia kwa ukatili wako. Sasa nakudharau kwa umaskini wa kichwa.

Nilimpigia Koku simu siku hiyohiyo. Koku ana cherehani mbili Kayanga, anashona sare za shule, dawa zake anameza kila siku na ana miaka mingi hajaanguka. Nilitaka kumpa pole. Akaniambia ujumbe wako ulipoingia simu ilikuwa mkononi mwa binti yake, wa darasa la nne, ambaye humsomea ujumbe wakati yeye anashona. Mtoto alisoma kwa sauti, mbele ya mteja, kisha akauliza, "Mama, Sabuni ni nani?"

Koku akasimamisha cherehani, akamjibu, "Ni mimi. Niliitwa hivyo shuleni, kwa sababu nilikuwa mgonjwa."

Binti akaisoma tena ile sentensi yako, taratibu, akihesabu vikaragosi kwa kidole. Halafu akauliza, "Huyu aliyeandika, naye ni mtu mzima?"

Koku akanipa mimi swali hilo. Nami nakuletea wewe. Kaa salama, ukiweza.

Ni mimi,
niliyekuwa mwenzako wa dawati.