Kulungu wa Bi Liang

Xiaobei, Guangzhou, Jumapili, Oktoba 2006

Bado naona haya. Liang, mwenye kiwanda ninakonunua viatu, leo alinipeleka kijijini kwao, nje ya Guangzhou. Zamani aliwinda kulungu akiwa juu ya dungu lake la mbao, jukwaa refu la kuvizia. Siku hizi humpandisha mkewe tu, akawatazame. Kesho mkewe anapasuliwa, na madaktari hawajawapa matumaini makubwa.

Tulipanda sote watatu. Magharibi kulungu wakatoka, jike na mtoto wake, wakala karibu kabisa nasi. Bi Liang alinibana mkono kwa furaha.

Mimi mbu walikuwa wananila. Nikanong'ona kwamba nashuka, nawahi kupakia kontena. Uongo mtupu.

"Ngoja, rafiki," Liang akaninong'oneza. "Wakishiba wataondoka wenyewe, ndipo tushuke."

Sikungoja. Nilikanyaga ngazi vibaya, ubao ukalia kwa nguvu, na kulungu wakatimkia msituni. Nikarudi juu, tukakaa mpaka giza likaingia. Hawakurudi.

Garini nilitaka kuomba radhi, sikujua nianzie wapi. Bi Liang akanigusa bega, akasema kitu kwa Kichina. Mumewe akanitafsiria bila kugeuka:

"Anakuomba samahani. Anasema tumekuchelewesha kazini."