Tulisoma Mbele ya Duka la Rukia

Gitega, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda kile kilima cha Gasorwe? Na maharage, mvua imeyaachia kitu? Mimi ni mzima, nafundisha, nakula, ila sauti imenikauka. Sababu yake nakueleza mwenyewe kabla hujaisikia kwa watu.

Unakijua kikundi chetu cha waandishi, tunaokutana Jumamosi kusomeana hadithi. Tuliomba ukumbi tuwasomee watu wa mji. Mimi niliandika habari za siku tuliyorudi kutoka ukimbizini Tanzania, jirani akatuuliza tumekuja kutembea hadi lini. Rafiki yangu Rukia muuza vitambaa, ambaye babu zake walitoka India, aliandika jinsi baba yake alivyoambiwa barabarani arudi kwao.

Mwenye ukumbi akazikataa hadithi hizo mbili. Eti watu wanataka hadithi za Warundi.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akatubembeleza: "Mi siko na shida na nyinyi, vraiment, kweli kabisa. Lakini salle, huu ukumbi, iko ya mwenyewe. Tutoe hizo mbili, après, baadaye, tutaona."

"Tutaona nini?" nikamwuliza. "Tanzania nilikuwa mgeni utoto wangu wote. Na hapa pia?"

Rukia akajitanda mtandio wake aondoke. Ndipo Dewo, anayeandika Kirundi kitupu na ambaye sikudhani hata ananipenda, akasema, "Basi na yangu mtoe." Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka mwenyekiti akabaki na ukumbi usio na msomaji.

Siku ya soko tukasimama mbele ya duka la Rukia, tuwasomee watu hapo hapo. Dewo akaanza, watu wakasogea. Rukia alipofungua kinywa, mwanamume mmoja akapaza sauti: "Muhindi, rudi kwenu!"

Mama, Rukia hakurudi nyuma. Alimjibu kwa Kirundi kizuri kuliko changu: "Mama yangu amezikwa hapa Gitega. Nionyeshe kwetu kwingine." Akaendelea kusoma. Yule mtu akaenda zake akitukana.

Nami nikasoma kwa Kiswahili chetu kile kile cha nyumbani. Nilipomaliza, mama mmoja wa Makebuko anayeuza mihogo akanishika mkono. "Dada, na mimi nilikulia kule. Tangu turudi, Kiswahili nakisema na wanangu tu, mlango ukiwa umefungwa." Akaniomba nisome tena, tangu mwanzo. Nikasoma. Ndipo sauti ilipoishia.

Kesho yake tulikuta mlango wa Rukia umepakwa matope. Tukauosha, akafungua duka. Mwenyekiti hajarudi kikundini, na mwenye ukumbi ananipita bila salamu. Apite tu.

Najua utasema ninyamaze, mgeni hapigi kelele. Ndivyo ulivyotulea ugenini, na kweli ulitulinda. Lakini hapa mimi si mgeni, mama, wala Rukia si mgeni. Soko lijalo tunasimama pale pale, na safari hii yule mama wa Makebuko atasimulia yake kwa kinywa chake.

Nisalimie baba mdogo, katekista wetu, asiache kuniombea. Msalimie shangazi anayelima nawe, na dada yangu mkubwa na mapacha wake. Hao watoto waambie wakifika sokoni waseme lugha yoyote waliyo nayo, na waiseme kwa sauti.

Ni mimi binti yako, Mrundi,
Editha