Firigisi ya Baba

Uthiru, Jumatatu

Mama mpendwa,

Hilo jumba la mviringo kwenye picha ya kadi hii ndilo jipya mjini, lakini sina nafasi ya kulieleza, maana Baba amesema!

Unajua tangu apate kiharusi hajatoa neno. Yule binti anayefundisha wagonjwa kusema huku hospitalini alituambia wataalamu wamegundua jambo: ubongo ukiumia upande wa maneno, upande wa nyimbo unaweza kufundishwa kuyabeba. Basi kila siku anamwimbisha "na-ta-ka ma-ji" huku akimgongesha meza kwa mkono wa kushoto. Baba anamkodolea macho tu. Yeye, mzee wa kanisa, aimbe maji!

Jana baba mdogo, tunayekaa kwake, akamwalika binti huyo kwa chakula. Mkewe ni mtu wa huku, hajui kwamba kwetu firigisi ya kuku ni ya mzee wa nyumba, akampa mgeni firigisi. Mkono wa kushoto wa Baba ukapiga meza: "Fi-ri-gi-si ya-ngu!" Kwa sauti ya kanisani kabisa! Binti alicheka hadi machozi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mimi nilimwaga supu yote.

Leo asubuhi nimemsikia bafuni akigonga ukuta polepole: "Ra-e-li, Ra-e-li." Mama, miaka yote hii anakuita Mama Agneta, sikujua hata kama analikumbuka jina lako. Anafanya mazoezi kwa siri. Tukifika nyumbani, tafadhali shangaa kama mtu ambaye hakupata kadi hii.

Mwanao anayecheka peke yake,
Agneta